Kiti cha Kushoto

Mtoto wa dada yangu alifika kwangu Mbezi Jumapili moja asubuhi, mkononi ana bahasha ya plastiki yenye zipu, ile wanayotembea nayo watafuta kazi. Alianza na leseni. Aliiweka mezani, katikati ya birika la chai na sahani ya chapati, taratibu, kama mcheza karata anayeshusha turufu. Daraja E. Kikafuata cheti cha chuo, barua ya serikali ya mtaa, na karatasi yenye majina ya wadhamini wawili. Mmoja wao nilikuwa mimi. Hakuwa ameniuliza.

"Mjomba, kila kitu ninacho," alisema. "Nimezunguka yadi tisa. Kote wanataka uzoefu wa miaka mitano. Sasa mjomba, hiyo mitano nitaipataje kama hakuna wa kunipa hata mmoja wa kuanzia?"

Nilimmiminia chai kwanza.

Swali lile si lake peke yake. Simama Mbezi saa kumi na mbili asubuhi uitazame Barabara ya Morogoro: semi nyuma ya semi, makontena, matanki ya mafuta, trela zilizofungwa turubai, namba za Tanzania, za Zambia, za Kongo, za Rwanda. Bandari ya Dar es Salaam ndiyo mlango wa majirani wasio na bahari, na sehemu kubwa ya mzigo wao inakwenda kwa matairi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne akakaa kijiweni miaka miwili akitazama msururu ule, hesabu yake ni nyepesi: kila gari lina mtu nyuma ya usukani. Kwa nini asiwe yeye?

Na njia ya vyeti iko wazi. Unakata leseni ya kujifunzia, unapita chuo, trafiki wanakupima, TRA wanakuchapia kadi. Daraja E ndilo la malori. La abiria, C, lina habari zake. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kinafundisha magari makubwa, VETA wanafundisha, na vyuo binafsi vimejaa kila mji, vingine vya maana, vingine ni meza, muhuri na gari moja lenye L iliyofifia. Vile vya maana vinafundisha mambo ambayo enzi zangu hakuna aliyeyasikia darasani: uzito unavyogawanyika kwenye ekseli, breki za upepo zinavyoshika na kwa nini zinaachia, nyaraka za mpakani. Sivibezi hata kidogo. Ila sijaona chuo kinachoweza kumkabidhi mwanafunzi tani 30 za mali ya mtu, usiku, mvua inanyesha, akiwa juu ya mlima wa Kitonga.

Nayasema haya kwa sababu kabla ya kalamu nilikuwa tingo. Mwaka 2006, miezi minane, kiti cha kushoto cha Scania 113 iliyokuwa ikipeleka salfa Kongo na kurudi na shaba.

Msomaji asiyejua kazi hiyo asitafute maelezo yake ofisini, hayapo. Tingo anafunga na kufungua turubai. Anakaza mikanda kila gari linaposimama. Anabadili tairi, anachomeka kabari nyuma ya magurudumu mlimani, anapika, anafua, na usiku analala juu ya mzigo ili wenye nyembe wasichane turubai. Gari likiharibika, anakata matawi na kuyapanga barabarani kwa umbali, hata kama pembetatu za kuakisi zipo kabatini, kwa sababu pembetatu huibiwa na matawi hayana mwizi. Mshahara wake hautoki kwa tajiri mwenye gari. Unatoka mfukoni mwa dereva, kwenye posho ya safari, kwa hiyo siku dereva akibanwa na wewe umebanwa.

Ubavuni mwa trela, karibu na tairi la akiba, kulikuwa na sanduku la bati. Ndani: jiko la mafuta ya taa, sufuria mbili zilizokwisha kuwa nyeusi hata zikisuguliwa, unga, dagaa, chumvi kwenye kichupa cha dawa, na mwiko uliokatika ncha. Hilo ndilo lilikuwa jiko letu kwa kilomita kama 2,000, kutoka Dar es Salaam mpaka Lubumbashi. Nilikuwa napika kwenye kivuli cha trela. Jua likihama, nahama nalo. Tatizo lilikuwa foleni ya Tunduma, maana wakati ule kituo cha pamoja cha mpakani hakikuwapo, kilifunguliwa 2019, na magari yalikuwa yanakaa siku kadhaa yakisogea hatua chache chache. Unga unaanza kushika, mara dereva wa mbele anawasha gari. Kila mtu anawasha. Nimewahi kukimbia kando ya semi nimeshika sufuria ya ugali kwa shati langu, nyuma yangu matingo wengine watatu na sufuria zao, na wabadilisha fedha wa Tunduma wakitushangilia kama mbio za mwenge.

Dereva wangu sikuwahi kumwita kwa jina. Alikuwa Mzee, na mimi nilikuwa dogo. Hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno. Somo la kwanza alilonipa lilikuwa kipande cha bomba la chuma, urefu wa mkono, na amri moja: "Gonga."

Kichwa cha ekseli tatu na trela ya ekseli tatu vina matairi 22. Unayazunguka yote, unagonga kila moja, kila mnaposimama. Tairi lenye upepo wake hurudisha bomba. Linaruka mkononi na kutoa mlio mkavu. Lililopungua hulimeza pigo. Linalosumbua ni la ndani, kwenye yale yanayokaa mawili mawili. Likiisha upepo, mwenzake wa nje analibeba, na kwa macho huoni kitu. Gari linatembea, mmoja anabeba mzigo wa wawili, joto linapanda, na mnakuja kujua pale linapopasuka usiku katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kilomita 50 za mbuga zinazopitiwa na lami, mahali ambapo hakuna mtu mwenye hamu ya kupiga jeki. (Huko mwendo wenyewe ni wa heshima. Kila mnyama ana faini yake ukimgonga, na faini inatajwa kwa dola.)

Wiki mbili za mwanzo nilikuwa nagonga tu kama mtoto aliyepewa ngoma. Mzee alibaki kabini, kiti amekilaza, macho amefumba, nikidhani amelala. Nikimaliza la 22, sauti inatoka dirishani: "Rudia." Hakuniambia lipi. Nilikuja kugundua kwamba mara nyingine hakukuwa na tairi bovu hata moja, alitaka tu nirudie.

Baada ya matairi ikaja mizani. Kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma unapimwa Vigwaza, unapimwa Mikese, unaendelea kupimwa mpaka Wenda, Makambako na Mpemba. Wanaopita na magari madogo hudhani mizani ni suala la jumla: umezidi au hujazidi. Jumla ndiyo iliyo rahisi. Sheria ya Afrika Mashariki inaishia tani 56 kwa gari la ekseli saba, lakini kila kundi la ekseli nalo lina kikomo chake: 8 kwa ekseli ya usukani, 18 kwa mbili za kichwa, 24 kwa tatu za trela. Unaweza kuwa chini ya jumla na bado ukakamatwa, kwa sababu ulipakia vibaya au kwa sababu ulishika breki za ghafla pale mbuzi alipovuka, mzigo ukasogea mbele nusu mita. Umepita mizani ya kwanza salama, hujaongeza hata kilo, ya pili inakukataa. Mzee alikuwa akishika breki kama anayeweka mtoto aliyelala kitandani. Nilidhani ni uzee. Ilikuwa mizani.

Halafu kuna Kitonga. Ukitoka pwani unaipanda, na kupanda si kesi, gari linaguna na nyinyi mnasubiri. Kesi ni kurudi. Unarudi na shaba, na shaba ni mzigo mdanganyifu kuliko yote. Ni mabamba yaliyofungwa mafungu mafungu, yamekaa chini kabisa ya trela, mafungu machache, nafasi kubwa katikati. Mtu wa pembeni anaona gari limerudi tupu. Kumbe tani 30 zimelala pale sakafuni.

Mzee alisimama kabla mteremko haujaanza. Nikashuka, nikagonga, nikashika vitovu vya magurudumu kwa kiganja kupima joto. Akatazama geji ya upepo mpaka ikatulia. Akatia gia ileile aliyopandia siku kumi na nane kabla, eksozi breki ikaanza kukoroma, na kutoka pale hakubadili gia wala hakusema neno. Madereva wote wanaijua kanuni hiyo, gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia, wanaitamka hata waliolewa. Katikati ya kona, semi moja ikatupita. Nilisikia harufu kabla sijaiona: breki zinaungua, harufu ya kitu kama kucha zilizochomwa. Kule chini tuliikuta imelala ubavu, mzigo wa mahindi umemwagika mpaka mtaroni, dereva amekaa kwenye jiwe akishika kiwiko na wanakijiji wamekwisha kufika na madebe.

"Nyutro," Mzee alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu juu.

Nyutro ina historia yake na inaanzia kwenye pesa. Dereva hupewa lita za safari, na zamani zilizobaki zilikuwa zake; wanunuzi walikuwa wanamsubiri barabarani na vidumu na mipira ya kunyonyea. Kwa hiyo kila mteremko ulikuwa nafasi ya kubana matumizi: toa gia, acha gari lijiendee. Siku hizi magari mengi yana vifaa vinavyomwonyesha tajiri ofisini kila lita na kila kituo, na biashara ya vidumu imekuwa ngumu. Nyutro haijafa. Kichekesho chake ni kwamba injini za kisasa zikishuka mlima zikiwa kwenye gia hufunga mafuta kabisa, hazinywi hata tone, wakati gari lililoachiwa linakunywa ili injini isizimike. Mtu anahatarisha roho kwenye miteremko ya Kitonga, Iwambi na Senjele, na mafuta anapoteza. Hili ni jambo ambalo chuo kinalifundisha vizuri kuliko Mzee, ambaye hakulijua. Scania 113 haikumdai alijue.

Lakini nilichokusudia kueleza hasa ni Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo.

Tanzania na Zambia tunapita kushoto. Kongo wanapita kulia. Ukivuka Kasumbalesa, kilomita chache kabla hujaanza kusikia watu wakiita ugali bukari, barabara inageuka upande wake na gari lako halijageuka. Usukani bado uko kulia, na kulia sasa ni mtaroni. Dereva aliyekuwa akiona barabara yote mbele yake kwa siku nane sasa anaona majani na watembea kwa miguu. Gari linalokuja mbele, lori la mkaa la kulipita, pikipiki inayochomoza, vyote viko upande wa tingo.

Mzee alisimama pembeni baada ya kizuizi, akajifuta uso. "Dogo," akasema, "kuanzia hapa macho ni wewe."

Nilikuwa na miaka 21. Mbele yetu kulikuwa na tanki linalokwenda mwendo wa jeneza na nyuma yetu foleni inapiga honi. Mzee akasogeza pua ya gari kushoto kidogo. Yeye hakuona kitu zaidi ya mgongo wa tanki.

"Vipi?"

"Fuso inakuja, mzee. Subiri."

Ikapita.

"Vipi?"

"Kuna baiskeli. Na nyuma yake... subiri."

"Nasubiri."

"Tupu. Tupu mzee, nenda!"

Akaenda. Tani zote zile, na maisha yetu mawili, kwa neno la mtu asiye na leseni. Nilisikia maji yakinitoka mgongoni. Mpaka tunafika Lubumbashi nilikuwa nimeona barabara kwa namna ambayo sijaiona tena: ninapima umbali, ninapima kasi ya anayekuja, ninapima nguvu ya injini yetu mlimani, ninafanya hesabu yote ya udereva isipokuwa kushika usukani. Mzee alifanya hivyo kwa kila tingo aliyempata. Watu waliokaa kushoto kwake wawili watatu leo ni masuka, yaani madereva, wa kutegemewa. Hakuna aliyewahi kuandikiwa cheti.

Wala hakuna aliyewahi kuandikwa popote. Mwezi wangu wa nane nilishikwa na malaria Kapiri Mposhi. Mzee akaomba kampuni yenye gari, ambayo sina haja ya kuitaja, itume pesa ya dawa. Jibu lililokuja lilikuwa swali: huyo ni nani? Kwenye karatasi zao gari lile lilikuwa na mtu mmoja. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Mzee alilipa dawa kwa posho yake, nikarudi Dar es Salaam nimelala kwenye kitanda cha nyuma ya viti, na dada yangu, mama wa huyuhuyu kijana, akaapa kwamba sitapanda tena. Nikaenda chuo cha uandishi.

Kiti hicho sasa kimekuwa kitupu kweli. Kampuni nyingi kubwa zimepiga marufuku tingo. Sababu zao ninazijua na nyingi ni za haki: bima haimtambui, mpakani anahitaji pasipoti na kadi ya homa ya manjano, na tukisema kweli baadhi ya matingo ndio waliokuwa wakiwapigia simu wezi wa mzigo. Gari la kisasa nalo halina kazi nyingi za mikono. Gia ni otomatiki, mzigo umo ndani ya kontena lenye lakiri, hakuna turubai la kufunga. Ukipanga hesabu za usafirishaji, tingo ni tumbo lisilo na sababu. Kwa hiyo dereva anakwenda peke yake, anavuka Kasumbalesa peke yake, na akitaka kulipita tanki kule Kongo ama anafuata nyuma yake mpaka mjini ama anachungulia na kuomba Mungu. Na kampuni hizohizo ndizo zinazobandika tangazo la uzoefu wa miaka mitano, kana kwamba uzoefu huota wenyewe mahali fulani, kama uyoga, na kazi ya mwenye magari ni kwenda kuuchuma.

Aprili 2015 madereva waligoma, mabasi yakalala Ubungo na abiria wakabaki wamekalia mabegi yao. Moja ya yaliyowakera ni agizo la kuwarudisha chuoni kila leseni inapohuishwa, kwa gharama zao. Jingine ni mikataba ya ajira, ambayo wengi hawakuwa nayo. Mtaani watu waliokota lile la kwanza na kucheka: madereva wanaogopa shule. La mikataba halikuchekesha kwa hiyo halikuzungumzwa sana. Nilikuwa Ubungo siku ile na daftari langu, na sikuwaona watu wanaoogopa shule. Niliwaona watu waliofundishwa na barabara ambayo haikuwapa karatasi, wakiambiwa kwamba bila karatasi hawajafundishwa. Hilo halimaanishi walikuwa sahihi kwa yote. Dereva mwenye miaka ishirini barabarani anaweza kuwa na kosa lilelile kwa miaka ishirini, na nyutro ni ushahidi.

Tena shule ya barabara ni ya zamani kuliko lami yenyewe. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, njia ya mafuta ya Zambia kutoka kusini ilikatika, na mapipa yakaanza kupakiwa malori hapa Dar es Salaam kwenda huko kwa barabara iliyokuwa vumbi kiangazi na tope masika. Wazungu waliita safari zile mbio za jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikuja kuanza kazi 1968, lami ikafuata, reli ya TAZARA ikafuata. Kabla ya hapo, aliyejua wapi gari linapita na wapi linazama alikuwa ni yule aliyekaa kushoto mwaka uliotangulia. Mzee alifundishwa na mmoja wa watu hao.

Nikarudi kwa kijana na chai yake, ambayo ilikuwa imepoa.

Nilimwambia yaliyopo. Wengi siku hizi wanapanda ngazi: kirikuu ya kusambaza soda, halafu Kenta, halafu Fuso ya kuleta mahindi na viazi mjini, halafu tipa la mchanga, na kutoka tipa mtu anaweza kusikilizwa kwenye yadi ya semi. Wengine huanza kwa kupeleka magari ya transiti mpakani, zile IT zinazopita zimewasha taa mchana. Gari ni dogo lakini barabara ni ileile, na matochi ya trafiki ni yaleyale. Wengine huingia yadini kama madereva wa kusogeza magari, hawatoki getini miezi sita, wanarudisha trela nyuma mpaka shingo inauma. Kurudisha semi nyuma ni kuandika kwa mkono usio wako: ukitaka mkia uende kulia, usukani unaupeleka kushoto. Hiyo shule ni nzuri na haina sifa inayoistahili.

Wanawake nao wapo kwenye semi sasa, si wengi, na niliozungumza nao hawakulalamikia usukani. Walilalamikia vyoo, na mahali pa kulala penye taa.

"Na mshahara, mjomba?"

Nikamwambia asiangalie mshahara, aulize posho, na aulize inalipwa lini, na nani analipa maegesho, na gari likikaa foleni siku tano posho inaongezeka au imekufa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, lakini sijaona mtu anayehesabu saa za foleni. Aulize kama kuna mkataba wa maandishi na nakala yake abaki nayo. Akinyimwa nakala, asikubali kuandikwa hewani kama mimi. Alikuwa anaandika kwenye simu. Sikujua kama anaandika niliyosema au anachati.

Jioni nikampigia mwenzangu mmoja. Tulikuwa matingo msimu mmoja. Tulikimbia na sufuria foleni moja. Yeye hakutoroka. Sasa anaendesha kwa tajiri mdogo mwenye magari mawili, mmoja wa wale ambao bado hawaulizi nani amekaa kushoto.

"Mwandishi!" akaitika, maana ndivyo anavyonicheka. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo. "Pasipoti anayo?"

Hakuwa nayo. Ni 150,000, na nilijua itatoka kwa mdhamini gani.

"Basi tripu hii hatuvuki. Nina mbolea ya Mbeya. Mlete Jumamosi alfajiri Mlandizi. Aje na viatu vya kufunga, asije na ndala. Na asije na bahasha."

Nikasisitiza jambo moja, jina la kijana liandikwe kwenye karatasi ya safari. Akacheka, kisha akaona sicheki, akasema ataongea na tajiri.

Jumamosi tulifika Mlandizi kabla hakujapambazuka. Magari yalikuwa yamelala kwenye maegesho, baadhi taa za kabini zinawaka, mtu anapiga mswaki akitema kando ya tairi, mama mmoja amekwisha kuweka sufuria ya maharage kwenye mkaa. Gari lilikuwa Scania tena, jipya kuliko letu ingawa si jipya. Mwenzangu alitoka kabini amejifunga kikoi, akampa kijana mkono, akamtazama miguu, akaridhika na viatu. Karatasi ya safari ilikuwa kwenye dashibodi. Nilipanda kwenye ngazi nikaisoma kwa tochi ya simu. Majina yalikuwa mawili.

Kisha akainama chini ya kiti, akatoa kipande cha bomba la chuma, akampa. Alimwonyesha mara moja tu, kwa tairi la mbele, mlio mkavu, bomba likaruka.

"Gonga yote."

Akarudi kabini, akalaza kiti, akafumba macho. Kijana alianza. Alizunguka upande wa dereva, akapita nyuma ya trela, akaja upande wetu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mama wa maharage, kikombe cha chai mkononi. Niliyahesabu bila kukusudia. Kwenye ekseli ya kati ya trela, la ndani, pigo likazama.

Yeye akaendelea. Akafika la mwisho, akapangusa mikono kwenye suruali, akasimama chini ya dirisha.

"Tayari, kaka. Yako sawa yote."

Akanitazama mimi. Nikanywa chai.

"Rudia," ikasema sauti kutoka ndani.